Nyuma Anabaki Nani?

Kisa hiki ni kifupi. Ukikimaliza, mpelekee yule unayemjua ambaye hushinda kila wiki.

Huko Tukuyu, Lukelo alikuwa bingwa wa ligi ya gemu ya ukocha, ile ambayo unapanga kikosi kwenye simu kisha unakaa kutazama wachezaji wakicheza wenyewe. Mfumo wake ulikuwa kushambulia tu. Mabeki wa pembeni walipanda hadi kwenye kona ya mpinzani, viungo wakakaba juu, na timu nyingi zilikuwa hoi kabla ya mapumziko.

Siku moja kabla ya fainali, mkewe Atupele alimletea chai, akauona mpangilio.

"Baba Lusajo, sasa hapa nyuma anabaki nani?"

Lukelo akaiziba simu kwa kiganja. Mpinzani wake wa fainali alikuwa Ambakisye, kaka yake Atupele.

Kesho yake Lukelo alitangulia kwa mabao mawili. Kipindi cha pili mabeki wake wakachoka, wakawa hawarudi. Wachezaji wa Ambakisye wakapitisha pasi ndefu nyuma yao, tena na tena, naye akashinda manne kwa mawili.

Lukelo hakuzifikiria zile pasi. Alimfikiria mtu.

"Umempa kaka yako mfumo wangu."

"Mimi?"

"Nani mwingine aliyeuona?"

Akabadili nywila. Akawa analala na simu chini ya mto. Chai ya mkewe akaacha kuinywa. Atupele akafungasha nguo zake, akaenda kwa mama yake.

Lukelo akamfuata Ambakisye kwenye saluni yake ya kunyolea.

"Shemeji, sema kweli. Dada yako alikuambia nini?"

Ambakisye akacheka hadi akazima mashine.

"Wewe bwana! Kila ukishinda si unaturushia picha ya kikosi chako kwenye kundi la ligi, kututambia? Mpangilio wako wote umo humo humo. Kundi zima tunaujua."

Kisha akaacha kucheka.

"Atupele nilimuuliza, sikatai. Akanijibu, 'Kaka, yule ni mume wangu.'"

Lukelo akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake. Atupele akatoka, akasimama mlangoni. Hakumkaribisha.

"Nilikuuliza nyuma anabaki nani," alisema. "Ungenijibu tu."

Funzo: Anayepeleka watu wote mbele huacha uwazi nyuma, na akifungwa humtafuta msaliti. Kabla hujamshuku aliye upande wako, tazama kwanza ulichowaonyesha watu kwa mkono wako mwenyewe.