Pimbi na Nyayo za Bwawa la Kiboko

Niambieni ukweli, hapa hakuna anayerekodi: nani kati yenu amewahi kukaa kwenye foleni ya ofisi mpaka akasahau alifuata nini? Usinyooshe mkono, nimeshakuona. Sogea mbele, hii ni yako.

Naileta!
— Ilete!
Ina meno!
— Tutaing'ata kwanza!
Na mkisinzia?
— Tufinye!

Haya. Hapo kale, si kale sana maana ofisi zilikuwepo tayari, palikuwa na bwawa katikati ya mbuga. Mwenye bwawa alikuwa Kiboko. Alilipataje? Alikaa ndani, basi. Akikaa, maji yanapanda, bluuup! Akiinuka, maji yanashuka, bluuup! Wanyama wadogo walikuwa na upande mmoja tu wa kunywea, upande wa Maji Mafupi, ambapo hata Panya anaweza kusimama bila kuaga dunia.

Juu ya jiwe linalotazama Maji Mafupi aliishi Pimbi na mama yake. Pimbi alikuwa mdogo, hana hata mkia wa kujivunia, lakini alikuwa msomi. Alisoma mpaka akapata digrii ya miamba, with honours, kisha akarudi kukaa juu ya mwamba ule ule aliouacha. Kila asubuhi mama yake alimuuliza:

"Mwanangu, leo wamekuita kazini?"

"Bado, mama. Walisema they will get back to me."

"Basi kachume majani, tule wakati wanarudi."

Siku moja pembe ikalia, mbuuu! Kiboko akatoa kichwa majini, akatangaza kwamba wanawe wamekuwa wakubwa na hawana pa kugaagaa. Anataka Maji Mafupi yawe dimbwi lao, na wengine wote wasikanyage tena.

"Lakini mimi si dikteta," akasema huku anapiga mwayo. "Tutapiga kura."

Pimbi akageuka kumtazama mama yake. Maji Mafupi yakichukuliwa, mama yake atakunywa wapi? Kule kwenye kina, anakosubiri Mamba huku anatabasamu?

"Acha woga," Digidigi akamwambia. "Sisi ni wengi. Tutapiga kura, tutashinda."

"Umejiandikisha?"

"Kujiandikisha ndo nini?"

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Ofisi ya kuandikisha wapiga kura ilikuwa juu ya kilima, na karani wake alikuwa Fisi. Ukoo wa Kiboko Fisi aliwaandikisha huko huko majini, wengine wakiwa wamelala. Wengine wote lazima wapande.

Pimbi akapanda, pata-pata-pata.

"Next!" Fisi akaita, ingawa hapakuwa na mtu mwingine.

"Shikamoo, Bwana Fisi. Nimekuja kujiandikisha."

"Unaishi wapi?"

"Pale kwenye jiwe. Unaliona kutoka hapo ulipokaa."

"Nitajuaje ni lako? Lete shahidi."

Pimbi akashuka, pata-pata-pata. Akapanda na mama yake, taratibu, wakipumzika njiani.

"Huyu nani?"

"Mama yangu."

"Nitajuaje ni mama yako? Lete baba."

"Bwana Fisi, baba ulimla wewe. Kile kiangazi kikali."

Fisi akajilamba. Akafikiri. Akaweka uso wa msiba.

"Poleni sana. Basi lete cheti cha kifo."

Pimbi akashuka, pata-pata-pata. Digidigi akapanda, akashuka. Fuko akapanda, akaambiwa arudi akiwa na macho mazuri. Kila aliyepanda alishuka kama alivyopanda, ila na kiu.

Kesho yake pembe ikalia tena, mbuuu! Safari hii ilikuwa ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua bwawa. Msaragambo wa Kiboko ulikuwa na utaratibu wake. Kila mkazi mtu mzima aliyekunywa pale lazima akanyage udongo mbichi kwenye ukingo, chini ya mwamba ambako mvua haifiki. Pwata! Unyayo unakauka, unabaki. Mtoto hakanyagi, maana mtoto haitwi kazini. Mgeni hakanyagi, maana mgeni hulishwa. Na ukoo wa Kiboko? Hao hawakukanyaga kamwe. Waliogopa kuchafuka, wao waliokuwa wanalala kwenye matope.

Fisi, maana ndiye pia aliyekuwa mwita kazi, akasimama mbele ya ukingo, akaanza kuita bila hata kukohoa.

"Pimbi wa jiwe la kushoto, mwenye kovu kisiginoni, njoo! Mama yake naye, aache kujifanya ana mgongo! Digidigi wa kichaka cha miiba, safari iliyopita ulichelewa!"

Pimbi akasimama na kikapu chake cha udongo kichwani.

"Bwana Fisi, leo umenijuaje?"

"Unyayo wako huu hapa. Kiserikali siwezi kukosea."

"Na jana kule kilimani?"

"Kule ni idara nyingine, binti. Usichanganye mambo. Beba udongo."

Pimbi akaanza kucheka. Akacheka mpaka kikapu kikamwagika, na mama yake akadhani jua limempiga.

"Mama, mimi nimeshajua pa kumkamatia."

"Nani, Fisi?"

"Fisi wa nini? Bosi wake."

Jioni hiyo, jua bado lipo, akaenda bwawani.

"Hodi! Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Nani huyo anaharibu usingizi wangu?"

"Ni mimi, mdogo wako. Nina maneno, lakini naogopa. Utakasirika."

"Mimi sikasiriki!" Kiboko akanguruma, povu likaruka, pfuuu!

"Wanasema nyayo zako ni hewa. Eti ukingo umejaza nyayo za wafu, za watoto na za wapita njia, uonekane una watu. Eti kwa kweli unatawala vyura."

"Nani anasema?"

"Upepo, Mheshimiwa. Nadhani umetoka kwa Tembo wa bwawa la pili."

Kiboko akavimba. Maji yakapanda, bluuup!

"Na kuna jingine," Pimbi akasema kwa upole. "Wapo wanaokunywa kwa kujificha, hawajawahi kubeba hata konzi ya udongo. Fuko anapenyea chini. Nungunungu anavizia. Popo ndo usiseme. Sasa dimbwi la vijana wako litachimbwa na nani? With all due respect, nguvu kazi inapotea."

Hapo macho ya Kiboko yakang'aa. Akaona migongo mipya, mingi, imeinama kwa ajili yake.

"Fisiiii! Zunguka mbuga nzima. Kila anayekunywa hapa akanyage. Lakini wawe wazima, wawe hai, wawe wakazi, na nyayo za wafu uzifute. Sitaki kuchekwa na mtu mwenye pua ndefu!"

Fisi akatoka mbio. Mlango kwa mlango, shimo kwa shimo, pango kwa pango, akiwaswaga wote mpaka ukingoni. Pwata! Pwata! Pwata!

"Wewe Fuko, toa mguu!"

"Sina cheti, mzee."

"Nani kakuuliza cheti? Toa mguu!"

Pwata! Popo alikanyaga akiwa amening'inizwa kichwa chini. Korongo, ambaye huja na mvua na kuondoka nayo, alipoleta mguu alifukuzwa: "Wewe mgeni, nenda kale." Watoto wa Ngiri walipanga mstari kwa furaha, wakafukuzwa nao.

Siku ya kura ilipokaribia, baraza la mbuga nzima likamtuma msimamizi. Huyo alikuwa Shangazi Kobe, mama mwenye kusikia kwa shida na kufuata sheria kwa raha. Wanyama wote wakakusanyika ukingoni. Pimbi alikuwa mbele, amemshika mama yake mkono. Kiboko asiporopoka mwenyewe, mama atakufa kiu.

"Mheshimiwa," Pimbi akasema kwa sauti, "shangazi amesikia zile habari za nyayo hewa."

Shangazi hakuwa amesikia chochote. Lakini Kiboko hakungoja.

"Uongo! Kila unyayo hapa una mwenyewe! Yuko hai, ni mtu mzima, ni mkazi wa bwawa hili!"

"Unasemaje, mwanangu?" Shangazi Kobe akauliza, ameweka kiganja sikioni.

"Yuko hai! Mtu mzima! Mkazi! Na asiye na unyayo hapa, huyo si wa hapa! Anayebisha aje nimkanyage!"

"Unaapa?"

"Naapa mbele ya wote!"

Shangazi akazitazama nyayo, taratibu, kulia, kushoto.

"Ahsante sana, baba. Umenipunguzia kazi. Sheria inataka mpiga kura awe hai, awe mtu mzima, awe mkazi. Basi hawa wote wameshaandikishwa."

Wadogo wakaanza kutafuta kila mmoja unyayo wake.

"Hapana, hapana, shangazi," Fisi akadakia. "Hizi ni za msaragambo. Za kura ni idara nyingine."

"Kwani anayebeba udongo ana pacha? Mmoja anabeba, mwingine anapiga kura?"

Kinyonga akanyoosha mkono, polepole mpaka watu wakachoka kumtazama.

"Mimi siasa sitaki."

"Sawa, mwanangu, nakufuta. Asiyetaka ndiye aje kuniambia. Anayetaka abaki alipo."

"Na wanangu?" Kiboko akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua kimo.

Shangazi akatembea ukingo mzima akitazama chini. Alipomaliza, jua lilikuwa limesogea.

"Sioni mguu wa kiboko hata mmoja. Na umeapa, baba: asiye na unyayo si wa hapa."

Vijana wa Kiboko wakakimbilia kwa Fisi. "Anko, si ulituandikisha wewe?" Lakini Fisi ni mwepesi wa kunusa upepo. "Ninyi nani?" akauliza. "Nitajuaje?"

Wadogo wakaangua kicheko. Pimbi naye alicheka, halafu akawaona wale vijana wamesimama, wakubwa kama nyumba, midomo imelegea kama watoto walionyimwa chakula. Akajikuta anawaonea huruma, na huruma yenyewe ikamuudhi.

"Shangazi, hawa nao wanakunywa hapa. Wabebe udongo kama sisi, wakanyage kama sisi."

Basi viboko vijana wakapewa vikapu. Wakabeba udongo wa Maji Mafupi, puu! puu! huku wanahema, na Mama Pimbi akiwasimamia: "We mnene, inama! Mgongo huo umeuweka akiba?" Kufika mchana walikuwa wanamwita bibi. Wakakanyaga, PWATA! Ukingo ukatetemeka.

Kura zikapigwa kwa kokoto ndani ya kibuyu: nyeupe, Maji Mafupi yabaki ya wote, nyeusi, yawe dimbwi la Kiboko. Ko! Ko! Ko! Fuko akapiga, Popo akapiga, Digidigi akapiga na kuruka. Kibuyu kilipomwagwa, kilikuwa cheupe kama ugali. Kokoto nyeusi hazikufikia hata hesabu ya watoto wa Kiboko. Baba mtu akawageukia, wao wakatazama mawingu.

Jioni mama yake Pimbi akainama Maji Mafupi, akanywa, glu-glu-glu, akafuta mdomo.

"Haya, mwanangu. Na kazi je?"

"Bado, mama."

Funzo la hadithi hii, watoto wazuri: ofisi zote zina sababu zake, msiziulize. Mkubwa akiapa, mzibeni mdomo haraka, asije akawapa haki zenu kwa bahati mbaya. Na umbea ni dhambi, hasa ukifanikiwa.

Nimeitua, mgongo wangu mwepesi! Aliyeipenda aibebe, aliyeichukia aisambaze.

Na ninyi wenye mihuri, msijifanye hamkusikia. Siku ya kodi mnatupata bila kuuliza njia. Basi kijana akifikisha umri wa kupiga kura, mwandikeni kutoka kwenye makabrasha hayo hayo ya kodi. Asiyetaka atawaambia mwenyewe. Anzeni kesho asubuhi, kabla ya chai.