Tope Lililolala

"Tope lililolala huamshwa kwa kata."

Maneno hayo mwalimu mkuu alimwambia mjukuu wangu Nyangeta jana, siku aliyorudi shuleni baada ya kuugua karibu mwaka mzima. Nyangeta kaja nayo nyumbani amenuna, na ndugu zake wamecheka mpaka uji ukawapalia. Eti dada yao kaitwa tope! Sasa mnaniuliza methali hii ni ya wahenga gani. Si ya wahenga, wajukuu zangu. Ilizaliwa kwenye tangi la maji machafu, nami nilikuwepo, tena mjinga wa kisa chenyewe ni mimi babu yenu. Ilianza hivi.

Wakati huo nilikuwa msimamizi wa kiwanda cha minofu ya sangara, hapa hapa kando ya ziwa. Watu mia mbili walitegemea kiwanda kile. Maji yaliyooshea samaki, yenye damu na ute, hayakuruhusiwa kumwagwa ziwani hivi hivi. Yalipita kwanza kwenye tangi kubwa lenye tope la kahawia, na ndani ya tope hilo mliishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Chakula chao ni amonia, ile sumu ya uozo inayochoma pua na kuua samaki wachanga. Ni viumbe vya ajabu: vinataka hewa kama sisi, na vinazaana polepole mno. Ukivipoteza leo, utakaa miezi kabla ya kupata vingine vya kutosha.

Mtunza tangi alikuwa Nyamisi, mama wa Kijita, mtu wa maneno machache na ubishi mwingi.

Mwaka mmoja sangara waliadimika, kiwanda kikafungwa miezi mitatu. Tangi likakosa chakula. Sisi wengine tulirudi makwetu, lakini Nyamisi alikwenda kila asubuhi, akawasha mashine ya hewa kwa saa moja, kisha akaizima. Nikipita namtania.

"Nyamisi, unalea mtoto gani humo?"

"Aliyelala, Mzee Masatu."

"Basi mwashie hewa kutwa nzima, apumue vizuri."

"Hapana. Ukimnyima usingizi mwenye njaa, unammaliza. Akikaa macho bila chakula atajila mwenyewe. Mwache alale, ila usimnyime pumzi kabisa."

Nilicheka nikaenda zangu. Niliona mama wa watu kapungukiwa na kazi.

Sangara waliporudi, tukaitwa. Wakaguzi wa mazingira wakatupa siku kumi na tano: baada ya hapo watakuja kupima maji yetu, na amonia ikizidi, kiwanda kinafungwa moja kwa moja. Mtu mwenye akili angekwenda taratibu. Mimi niliwaona watu langoni, wamekonda, wamekuja alfajiri na visu vyao wenyewe mkononi, nikashindwa kuwaacha nje hata mmoja. Niliwaingiza wote mia mbili. Siku ile tulichuna samaki kama wendawazimu, na maji yote yakaingia tangini.

Jioni Nyamisi alichota maji ya tangi kwenye kijichupa, akatia matone ya dawa ya kupimia. Maji yakiwa salama hugeuka manjano. Yale yaligeuka kijani, tena kijani cha majani ya mgomba. Asubuhi akapima tena, kijani kile kile, na harufu imeanza kupanda. Alikuwa amekwisha kufunga bomba la kwenda ziwani, na tangi limejaa hadi ukingoni.

"Limekufa," nikasema. "Naita gari la kunyonya, tulitoe lote tuanze upya."

Nyamisi akasimama mbele yangu. "Ukianza upya, siku kumi na tano zitakukuta bado unaanza. Tope halijafa."

"Limeshindwa kazi ya siku moja!"

"Mzee Masatu, umelitwika kazi ya watu mia mbili kabla halijafumbua macho. Bibi yangu aliwahi kukimbia njaa kuu, yeye na dada yake. Walipofika kwa ndugu, dada alipewa ugali na nyama akashiba, na usiku ule ule akafa. Bibi alipokewa na mama mmoja mzee aliyempa uji wa mtama, kata moja tu, kile kibuyu kidogo cha kuchotea. Akalia aongezwe, akanyimwa. Jioni kata nyingine. Kwa kata ile ndiyo mimi nimezaliwa. Nipe siku moja tu."

Nikamtazama. Nilikuwa na hofu, na mwenye hofu hupenda kufanya jambo kubwa ili aonekane anafanya jambo. Lakini nilimpa siku yake.

Akachukua ndoo mbili, akatia kila moja tope sawa na hewa ya bomba sawa. Ndoo ya kwanza akaijaza maji ya samaki. Ya pili akaitia maji safi, kisha kata moja tu ya maji ya samaki, akapima: nayo ilikuwa kijani. Kesho yake akapima mbele yangu. Ndoo ya kwanza ilikuwa kijani bado. Ya pili ilikuwa manjano, manjano ya kiini cha yai. Mule ndani walikuwamo walio hai, na walikuwa wamekula. Sikuita tena gari la kunyonya.

Tukahamishia maji ya juu ya tangi kwenye bwawa la akiba, tope likabaki chini. Kisha ikaja kazi ngumu, na hiyo ilikuwa yangu: kwenda langoni kuwaambia watu mia mbili wenye njaa kwamba leo wataingia ishirini.

Nilitukanwa siku ile, wajukuu zangu, mpaka mama yangu aliyeko kaburini akaguswa. Mmoja akaniuliza, "Tope ndilo la kuhurumiwa, na sisi je?" Nikamwambia tu, "Nikiwaingiza wote leo, keshokutwa hataingia mtu." Siku ya tatu tangu hapo tukaingiza arobaini. Siku moja kijani kikarudi, Nyamisi akanirudisha nyuma kwa watu kumi, nami nikatukanwa upya. Tukaenda hivyo hivyo, kata kwa kata, hata yale maji ya bwawani tukayarudisha tangini kidogo kidogo, yakaliwa yote.

Siku ya kumi na tano wote mia mbili walikuwa ndani. Mkaguzi akachota, akatia matone, watu wakaacha visu na kuja kuchungulia. Manjano! Nyamisi hakushangilia. Alikaa kwenye ngazi ya tangi akalia kwa kwikwi.

Tangu hapo, mtu akitoka hospitali akapewa zamu nzima, wenzake walimtetea kwa maneno hayo ya tope na kata, waliyoyatunga wenyewe kutokana na kisa kile. Yakatoka kiwandani, yakaenda sokoni, yakafika hadi shuleni kwenu.

Nyangeta, mwanangu, naona umefungasha mkoba wa kesho, una vitabu vya masomo yote tisa. Ulete hapa. Chagua kimoja.

Hesabu? Haya. Hivyo vinane viache mezani, havitakimbia. Wala mwalimu hakukutukana. Amekwambia hukufa, ulilala, na tope lililolala huamshwa kwa kata.