Mpini wa Mpingo wa Nakijwa

Mkono wa mtoto haungoji mpini. Ndivyo nilivyomwambia baba yenu kwenye simu asubuhi hii, aliposema atakuja kuwaona akishamaliza kuezeka ile nyumba, nanyi mkaacha mahindi mkaniuliza nimesema nini. Haya, pukuchueni huku mnasikiliza. Methali hii ilianzia hapa hapa milimani Ugweno, nyumbani kwa babu yangu, na aliyenisimulia ni mama yangu mzazi, Nakijwa. Mkono unaotajwa ulikuwa wake.

Siku zile kisu cha mtoto hakikununuliwa dukani. Mtoto akianza kumenya ndizi bila kujikata, mzazi wake alimpeleka kwa mhunzi wakamchagulie kisu chake cha kwanza. Mhunzi wetu alikuwa Mzee Mshana. Alimpa mtoto bonge la udongo wa kufinyangia, akamwambia alishike kwa nguvu kama mtu anayekata, kisha akalianika juani. Alama za vidole zilizokauka ndizo zilizokuwa kipimo cha mpini. Mpini ukimzidi mtoto huteleza, na hapo ndipo anapoumia.

Mama alikuwa na miaka minane. Babu, jina lake Kajiru, hakuwa na mtoto mwingine. Walikwenda pamoja kwa mhunzi, mama akashika udongo, akachagua bapa fupi la chuma lenye ncha butu kidogo. Ukabaki mti wa mpini. Mzee Mshana alitoa vipande alivyokuwa navyo, babu akavigeuzageuza asiridhike na hata kimoja.

"Mpingo nitauleta mwenyewe," alisema. "Wiki ijayo nakwenda Tanga kwenye mkonge. Huko tambarare haukosekani."

"Tia huu wa mtarakwa kwa sasa," mhunzi akamshauri. "Ukirudi na mpingo tutabadilisha."

"Huyu ni mtoto wangu wa pekee. Kisu chake cha kwanza kisiwe cha kubahatisha."

Akalifunga lile bonge la udongo kwenye kitambaa, akaondoka nalo. Alimwahidi mama kwamba atarudi mvua za vuli.

Mvua za vuli zilikuja peke yake. Barua ilisema mpingo alioupata ulikuwa na ufa. Mwaka wa pili alikuwa amepata mzuri, lakini anauchonga mwenyewe siku za Jumapili, na kazi nzuri haitaki haraka. Mwaka wa tatu alikuwa anatafuta pete ya shaba ya kufunga shingo ya mpini. Mwaka wa nne pete ilikuwa imepatikana ila haikai sawasawa. Kila barua iliishia na maneno yale yale: Nakijwa angoje.

Msidhani alikuwa mtu wa hovyo. Wenzake wa kambini walisema baadaye kwamba kila jioni, akitoka kukata mkonge, alilifungua lile bonge, akaingiza vidole vyake vinene kwenye alama za vidole vya binti yake, akakaa hivyo mpaka ugali uive. Ilikuwa kama amemshika mkono. Udongo ule haukubadilika mwaka hata mwaka, na hicho ndicho kilichompoteza.

Huku nyumbani mama alimenya ndizi kwa kisu cha bibi, kilichomteleza mkononi. Bibi alitaka kumpeleka kwa mhunzi wamalize jambo hilo, mama akakataa. Baba yake alisema angoje. Siku za soko alipita kwa Mzee Mshana kulitazama bapa lake lililotundikwa ukutani, limepakwa mafuta lisishike kutu. Aliniambia kwamba hakuwa akikitamani kisu. Alitamani kukaa kando ya baba yake, amrekebishe vidole, amwambie polepole, si hivyo, hivi.

Babu alirudi baada ya miaka sita. Hakupitia nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa mhunzi na mpini wake mweusi, laini, wenye pete inayong'aa. Mzee Mshana akatia bapa, mkewe akaenda kumwita Nakijwa.

Akaingia msichana mrefu, mabegani ana vipande vya majani ya ng'ombe aliyotoka kukata. Babu alimtazama, kisha akatazama mlangoni nyuma yake, kana kwamba yule aliyemtarajia bado yuko njiani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akamkabidhi kisu.

Mama alikishika. Mpini ulizama kiganjani, na vidole viwili vya mwisho vikakosa pa kushika. Akageuza mkono, akajaribu kukishika namna nyingine, akijitahidi baba yake asione.

"Kinanifaa," alisema.

"Usimdanganye baba yako," Mzee Mshana akamwambia taratibu.

Babu alilitoa lile bonge, akaliweka kando ya mkono wa binti yake. "Nilipima kila alama," alisema. "Hakuna nilipokosea."

"Hukukosea kupima, Kajiru. Ila mkono wa mtoto haungoji mpini."

Babu aliketi chini kando ya fuawe akalia mbele ya watu. Mama akamsogelea.

"Nipime sasa, baba," alisema. "Mti wowote tu. Nitengenezee leo."

Mti uliokuwepo ulikuwa mparachichi uliopasuliwa kwa ajili ya kuni. Hawakutumia udongo. Babu alichonga kidogo, akamshika binti yake mkono akapima, akachonga tena, akamshika tena, mpaka alasiri. Mama alisema mpini ulikwisha kufaa mapema zaidi ya hapo, lakini hakumwambia.

Babu hakurudi mkongeni. Walimenya ndizi pamoja uani miaka minne, kisha mama akaolewa Usangi, akaenda na kile kisu cha mparachichi. Cha mpingo alikiacha kwa babu, wala hakuwahi kukiulizia. Hakumnung'unikia baba yake hata siku moja. Lakini hata uzeeni, akiona mtoto mdogo amekaa miguuni pa baba yake, alikuwa anaacha alichokuwa akikifanya, akawatazama.

"Ile minne niliipata," aliwahi kuniambia. "Ile sita sijui iko wapi."

Waliokuwepo kwa mhunzi siku ile waliyachukua maneno ya Mzee Mshana wakaenda nayo majumbani. Tangu hapo, mzazi wa huku akisema mwakani, akishamaliza hiki, akishapata kile, atakuwepo wa kumjibu: mkono wa mtoto haungoji mpini.