Dawa ya Mama Chausiku

Hadithi, hadithi!
— Ilete!
Niilete tamu au niilete chungu?
— Ilete ilivyo!

Basi sogeeni, na anayetafuna apunguze kelele, maana hii ya leo hata mimi huisimulia moyo ukinidunda.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisalimiana kabla ya kung'atana, aliishi perere mmoja. Perere mnamjua: kinyama kidogo cha manyoya, hana mkia, hulala kwenye mapango ya miti huko msitu wa milimani. Huyu aliitwa Mama Chausiku, kwa sababu alibakiwa na binti mmoja tu, Chausiku. Wengine wote walichukuliwa na kikohozi cha kipupwe. Ukungu ukishuka, mwana anakohoa. Ukungu ukiondoka, mwana hayupo.

Kwa hiyo mama huyu hakuweza kutulia. Kila mara alimwita.

"Chausiku!"

"Bee, mama."

Hapo moyo unarudi mahali pake.

Mwaka huo, kabla ya ukungu, alikwenda kwa Bi Nungunungu, mganga wa mizizi.

"Shikamoo, Bi Nungunungu."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Nataka dawa ya kumkinga mwanangu. Kikohozi kikija, kimkute ana nguvu."

"Dawa ya kinga haipikwi, hulowekwa," akasema Bi Nungunungu, huku anaendelea kuchimba. "Chimba mzizi mwekundu, uponde, utie kibuyuni na siki na asali. Kila asubuhi tikisa, kila asubuhi tikisa, kila asubuhi tikisa, mpaka wekundu wa mzizi uhamie kwenye siki. Siku ya kuimimina, aliyeitengeneza anywe kwanza, mbele za watu."

"Kwa nini anywe yeye?"

"Ndivyo tulivyokuta. Haya, mwenzangu, nina kazi."

Mama Chausiku akaenda. Majani yalikuwa yamepukutika, lakini mizizi myekundu ilijaa ardhini. Akachagua ulionona kuliko yote, akauponda, akauloweka.

Akatikisa.

"Mama, imeiva?" akauliza Chausiku.

"Bado, mwanangu."

Akatikisa.

"Mama, imeiva?"

"Bado, mwanangu."

Akatikisa.

"Mama, imeiva?"

"Imeiva, mwanangu. Waite majirani."

Wakaja Komba na Kima. Mama Chausiku akamimina dawa ndani ya kifuu, nyekundu, inanukia asali.

"Onja wewe kwanza, shoga," akasema Kima. "Si ndiyo desturi ya dawa hii?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwa maperere, mama hatii kitu kinywani kabla ya mwanawe. Hata tunda, hata tone la umande. Anayetangulia kula huitwa mlafi, na jina hilo humganda mpaka anazikwa. Mama Chausiku alitazama kifuu, akawatazama majirani, akaona aibu.

"Hiyo desturi ni ya kina nungunungu," akasema. "Kwetu mwana hutangulia."

Chausiku akanywa. Akalamba midomo.

"Mama, siusikii ulimi wangu."

"Ni ukali wa dawa, mwanangu."

"Mama, siisikii miguu yangu."

Akaanguka. Komba akapiga yowe, Kima akakimbia kumwita Bi Nungunungu.

"Chausiku!"

"Bee, mama."

"Chausiku!"

"Bee."

"Chausiku!"

Kimya.

Jamani! Mtoto mzima, hana homa, hana kikohozi, ukungu wenyewe haujashuka. Mama hakulia. Aliduwaa na kifuu mkononi, macho hayapepesi.

Bi Nungunungu alifika anahema. Akachovya ncha ya ulimi kifuuni, akatema palepale.

"Huu sio mzizi wenyewe, ni mwenzake wenye sumu," akasema. "Majani yakipukutika, mizizi hii miwili hata mimi siwezi kuitofautisha kwa macho. Ungeonja kidogo tu, ulimi ungekufa ganzi, ungeimwaga."

"Mbona hukuniambia?"

Miiba yote ya Bi Nungunungu ilisimama, na hapakuwa na adui.

Tangu siku hiyo, ukilala karibu na msitu wa milimani utamsikia perere. Sauti huanza chini, inapanda, inapanda, mpaka nywele zinakusimama, kisha inakatika ghafla. Wageni hudhani amechinjwa. Hajachinjwa. Anamwita mwanawe, halafu ananyamaza asikilize kama ataitikiwa.

Basi, enyi mnaosikia, ukimpa mtu sharti, mpe na sababu yake. Na mwenye kutengeneza dawa aionje mwenyewe, hata akiitwa mlafi.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayeitaka ajitwishe, asiyeitaka aniachie yangu. Na hiki kikombe cha kahawa mlichoniwekea, kahawa kapika nani? Njoo hapa, ndugu yangu. Kunywa kwanza.