Uyoga wa Fungu la Pili

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja kwenye misitu ya miombo, bingwa wa uyoga wa manjano. Kila uyoga aliugeuza juu chini. Ule wa kweli, kwa chini, una mikunjo minene inayoshuka hadi kwenye shina, siyo vipande vyembamba kama kurasa za kitabu. Ukiupasua, ndani mweupe. Ukiunusa, unanukia tunda.

Siku moja alirudi na kapu limejaa, akakaa barazani kuchambua. Ulio halisi akautia kwenye sufuria yake. Ukabaki mwingine: rangi ileile, lakini kwa chini hakuuelewa.

"Huu tunautupa, mama?" binti yake akauliza.

"Tutupe chakula? Mpelekee yule mjane jirani. Hana mboga."

Mmesikia? Kwake hauliki, kwa mjane unalika!

Binti akaenda na bakuli. Jua likazama hajarudi. Mama akamfuata, akamkuta mjane mlangoni, anatabasamu, sahani mkononi.

"Dada, Mungu akubariki! Niliona haya kurudisha bakuli tupu, na sina hata unga wa kutia ndani. Basi nimeupika, nikampakulia mwanao kwanza. Amekula huyo, mpaka kalamba vidole! Mimi ndiyo naanza."

Jamani! Mama alipiga yowe, akaipiga ile sahani ikaanguka chini. Wakambeba mtoto mbio hadi zahanati, anatapika, macho yamegeuka. Pale mlangoni mjane akapiga magoti.

"Kumbe ulikuwa mbaya! Nami sikuukagua. Nisamehe, dada, ni mimi niliyemlisha mwanao."

Na mama yule, aliyeukagua mmoja mmoja kwa mikono yake, alisema nini? Alisema, "Nimekusamehe."

Alimsamehe! Mtoto alipona, Mungu ni mwema. Lakini mjane mpaka leo akipita pale anainamisha kichwa, na mwenye kosa anaitikia salamu yake.

Msigunegune. Ni sisi hawa. Shati zima linabaki kabatini, lililotoboka tunasema la wahitaji. Mahindi yaliyobunguliwa tunasema ya sadaka. Tumekagua, tunajua, halafu tunasimama hapa kupokea shukrani.

Jumapili ijayo tunaleta mavuno. Kabla hujafunga gunia lako, mwite mwanao, mwangalie usoni, ujiulize: hiki ningempakulia huyu?