Mzinga Uliohamwa na Nyuki

Vuuu... Vuuu...

Sauti hiyo ilipanda kutoka bondeni kabla mtu hajaona mti wala jiwe. Ilikuwa Julai ya mwaka 1996, na ukungu ulioshuka kutoka mlimani ulikuwa umeifunika miteremko ya Nkubu kama blanketi lililolowa. Wanawake wawili waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe walisimama, mapanga mikononi.

"Ni mzinga wa marehemu Mugendi," mmoja alinong'ona. "Nyuki waliuhama alipozikwa. Sasa upepo ndio unaokaa ndani."

"Twende," mwenzake akasema. "Unavuma kama unaita mtu."

Wakajitwika majani yao na kuondoka bila kutazama nyuma.

Debe tupu haliachi kuvuma. Wahenga waliosema hivyo walikuwa wamewapima watu na vyombo, wakagundua kwamba kilichojaa hutulia, na kilicho kitupu ndicho chenye makelele. Mjukuu wa mwenye mzinga ule aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Aliwahi hata kuieleza darasani na kupigiwa makofi. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na methali kukujia nyumbani kwako ni jambo jingine.

Kijana huyo naye aliitwa Mugendi. Kwa desturi ya Wameru alipewa jina la babu yake mzaa baba, na kwa sababu hiyo nyanya yake, Igoki, alimwita "mume wangu" hata mbele ya wageni.

"Mume wangu huyu wa pili," alikuwa akiwaambia, "hajui kuchonga hata mpini wa jembe. Kazi yake ni kutikisa kichwa kwa ngoma."

Waliishi wawili tu. Igoki alikuwa mwimbaji. Hakuna mtoto aliyezaliwa upande ule wa bonde bila kupokelewa kwa wimbo wake. Lakini sasa kifua chake kilikuwa kikikauka kama kisima cha kiangazi, na kila wiki wimbo mmoja ulimponyoka asiurudishe tena. Ndipo wakakubaliana: Mugendi azinase nyimbo zile kwenye kaseti kabla hazijaisha. Alikuwa na maikrofoni, kinasa sauti na amplifaya. Alichokosa ni spika za kusikilizia kazi yake nyumbani, na ambazo angezibeba pia kwenda kupiga muziki harusini.

Wakaenda Gakoromone, mjini Meru, kwenye kibanda cha Abubakar, muuza redio kuukuu. Mugendi hakuhitaji kuonyeshwa. Macho yake yalizikimbilia spika mbili ndefu kama yeye mwenyewe, zenye pete za fedha zilizometameta. Abubakar alizifungulia muziki. Besi ikagonga kifua cha kijana, ikatikisa mabati, ikawafukuza njiwa.

"Hizi!" Mugendi alipiga kelele.

"Kijana, unachagua spika au kabati la harusi?" Abubakar alicheka. "Nina jozi nyingine hapa, ndogo. Kitambaa kimechanika, lakini sikiliza."

"Hizo zinakohoa. Zitachezesha nani?"

Igoki aliomba maikrofoni. Aliimba mstari mmoja kupitia zile ndogo, na pale pale wakasikia kila kitu: mkwaruzo wa kifua chake, hata mluzi uliopita kwenye pengo la meno yake. Bibi kizee akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Huyo ni mimi! Hata pengo langu limo!"

Kisha akaimba kupitia zile kubwa. Sauti nzito ilitoka, ya kupendeza, lakini haikuwa na mtu ndani yake.

"Huyo ni fahali aliyenimeza," alisema. Akasogea, akaligonga sanduku kwa kifundo cha kidole, jinsi wachonga mizinga wanavyogonga. Likajibu kwa mvumo mrefu. "Mume wangu, mzinga wenye asali ukiugonga hujibu kwa kifupi. Huu, nyuki wamehama."

"Nyanya, haya si mambo ya nyuki," Mugendi alisema kwa ukali, maana watu walikuwa wakitazama.

Akanunua zile kubwa. Abubakar, kwa huruma au kwa kutaka nafasi kibandani, akamtupia zile ndogo kama nyongeza. Walipofika nyumbani, Igoki aliifanya moja kigoda cha kukalia jikoni.

Tangu siku hiyo nyumba ile haikutulia. Spika kubwa zilivuma hata muziki ulipozimwa. Vuuu, polepole, kama mtu anayepumua akiwa amefumba mdomo. Kuku waliacha kulala upande ule wa ukuta. Gatwiri, binti wa jirani, alikuja kuazima chumvi, akasimama mlangoni asiingie.

"Mugendi, unausikia mvumo huo? Ni ule ule wa mzinga kule bondeni."

"Ni umeme, Gatwiri. Wewe ogopa tu."

"Naogopa, ndiyo. Na kuna mwanamke ndani ya hizo spika. Nikipita hapa kila siku namsikia chini ya ngoma, lakini maneno siyashiki."

Mugendi alicheka. Mwanamke mwenyewe alikuwa Igoki. Alikuwa amerekodi nyimbo tatu, na Mugendi, kwa kunogewa na besi, alizidi kuziongezea ngoma juu, hadi sauti ya nyanya yake ikabaki kama mtu anayezama kwenye bwawa. Kwenye spika zile kubwa, nyimbo zote zilimpendeza. Igoki alisikiliza mara moja tu, akajifunga shuka vizuri na kutoka nje. Tangu hapo hakuimba tena.

Alasiri moja ya ukungu mzito, Mugendi alikuwa akitengeneza kaseti ya harusi. Kinasa sauti kilikuwa kinazunguka, maikrofoni iko mezani karibu na mlango, naye anaruka katikati ya chumba akijitangaza: "Ni mimi Mugendi, simba wa Nkubu!" Alipomaliza na kwenda jikoni kutafuta chai, alikuta moto umezimika. Kigoda kilikuwa kitupu. Mkongojo haukuwapo.

"Nyanya!"

Aliita nyuma ya nyumba, akaita kwenye migomba. Ukungu ulimrudishia sauti yake mwenyewe. Gatwiri alikuja mbio.

"Nilimwona amesimama mlangoni pako," alisema. "Midomo yake ilikuwa inatikisika. Nilidhani unamsikia."

Mugendi aliigeukia meza. Mlangoni. Karibu na maikrofoni. Aliirudisha kaseti nyuma, akaifungulia kwa spika kubwa. Ngoma, mvumo, simba wa Nkubu. Akaongeza sauti, besi ikaongezeka, na hakuna neno lililotoka.

"Zile ndogo!" Gatwiri alisema. "Kiko wapi kile kigoda?"

Waliunganisha waya zake kwenye matundu ya pili ya amplifaya, wakaondoa muziki kwenye zile kubwa bila kuzichomoa. Kaseti ikaanza tena. Muziki ulitoka mwembamba, umevuliwa nguo zote, na simba wa Nkubu akasikika kama mbuzi. Halafu chini yake, karibu sana, kana kwamba Igoki amesimama mle chumbani nao, pumzi ilivutwa. Mluzi ukapita kwenye pengo la meno.

"Mugendi." Kimya cha pumzi moja. "Mugendi, mume wangu, kifua kinabana." Kimya tena. "Mugendi!"

Ngoma iliendelea. Kisha sauti ile ikashuka, ikawa tulivu kuliko kawaida.

"Mugendi wa hapa hanisikii. Naenda kwa yule mwingine, wa mzingani. Wimbo uliobaki nitamwimbia yeye. Yeye alikuwa anasikia."

Ikafuata milio ya mkongojo kwenye mawe, ikapungua, ikaisha. Gatwiri alikuwa ameshika mdomo.

Walishuka bondeni wakikimbia. Mugendi alikuwa mbele, akipiga kelele kwa nguvu zote, "Nyanya! Nyanya!" Vuuu, bonde lilijibu. Alikimbilia kushoto, mvumo ukatoka kulia. Alipozidi kupaza sauti, ukungu nao ulizidi kumjaza masikio kwa mwangwi wake. Gatwiri alimkamata shati.

"Nyamaza! Wewe ndiye unayetuziba masikio!"

Neno hilo lilimchoma kama mwiba wa mgunga. Akafumba mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu anunue spika zile, Mugendi alisikiliza. Alisikia mto. Akasikia mzinga ukivuma juu ya mti wa muringa, pale alipozikwa babu yake. Na chini ya mvumo huo, wimbo mwembamba kama uzi:

Nyamaa mwana nyamaa,
mvua ina la kusema.

Igoki alikuwa ameteleza ukingoni, hatua chache chini ya kaburi, mguu umekunjika, mkono umeshika mzizi, midomo ya rangi ya majivu. Macho yake yalikuwa yanatazama juu, kwenye mzinga, na alikuwa anatabasamu.

"Mugendi, umekuja," alisema.

Kijana hakujua anayeambiwa ni yupi. Aliteremka kwa magoti, akamshika mkono. Ulikuwa baridi kama maji ya mlimani.

"Ni mimi, nyanya. Yule wa hapa."

Igoki alimgeukia polepole, kama mtu anayerudi kutoka mbali. "Yule wa kutikisa kichwa?"

"Ndiyo, huyo huyo."

"Aa." Akashusha pumzi. "Basi nibebe, mume wangu. Huyu mwenzako hana asali tena."

Walimbeba kwa shuka lake, Gatwiri miguuni, Mugendi kichwani, wakapanda kuelekea hospitali ya Nkubu. Nyuma yao mzinga ulivuma, na mbele yao, kutoka nyumbani, spika ambazo hakuna aliyekumbuka kuzizima zilikuwa zikiujibu. Igoki alitega sikio, kucha zake zikazama mkononi mwa mjukuu wake.

"Vinaitana," alisema.

Mugendi aliinama hadi mdomo wake ukagusa sikio la nyanya yake, akasema kwa sauti ambayo Gatwiri naye aliisikia: "Nyanya, nakuahidi. Leo nazizima, na haziwashwi tena chini ya paa letu. Ukipona utaimba, nami nitakusikiliza kwa zile ndogo, pengo lako na yote, bila ngoma, bila kufungua mdomo wangu. Kwa maana nimejionea mwenyewe, spika, mzinga na mimi mjukuu wako: debe tupu haliachi kuvuma."