Milango ya Muhanga

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni upesi, maana wawili hawa wameshaanza kugombana.

"Ondoka mlangoni kwangu," alisema Ngiri.

"Mlangoni kwako?" alisema Muhanga. "Tazama ukutani, kaka. Alama hizo za kucha nne zimetoka kwenye kwato zako?"

Ngiri hakutazama ukutani.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipiga hodi kama sisi, palikuwa na mama mmoja, Muhanga. Mnamjua Muhanga? Masikio ya punda, pua ya nguruwe, kucha kama majembe. Kazi yake ilikuwa kuchimba. Alichimba kwaru, kwaru, kwaru. Akala mchwa, akalala, akaamka, akaliacha shimo, akaenda mbele. Kwaru, kwaru, kwaru. Hakurudi nyuma hata siku moja.

Sasa alikuwa na mimba, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Ndiyo maana alirudi kwenye shimo lake la mwaka jana. Akamkuta Ngiri amehamia na watoto wake, ametandika nyasi, amekaa kinyumenyume, makalio ndani, pembe nje, kama ilivyo desturi ya ukoo wao.

Ngiri akamwambia kwamba shimo likishaachwa si la mtu. Akamwambia kwamba wenzake wote mbugani wametulia na wana makwao, ila yeye tu, mavumbi mwilini na pua chini. Kisha akasema neno lililomchoma.

"Aliyefanikiwa ana mlango, Muhanga. Wako uko wapi?"

Muhanga akageuka aondoke.

"Basi," alisema, "nilikuwa napita tu."

Juu ya kichuguu walikuwapo Kanga, wanasikiliza. Na Kanga hawalali na neno. Wakalibeba mbuga nzima wakiimba. Imbeni nao:

*Chimba, chimba, Muhanga,*
*mlango wako uko wapi?*

Muhanga akateremka bondeni achimbe nyumba mpya. Kwaru, kwaru, ta! Kucha ikagonga jiwe, ikavunjika. Akajaribu kwa mguu wa pili. Ardhi ilikuwa ngumu kama kigae. Akakaa chini, akalitazama tumbo lake. Akasema moyoni: nimechimba maisha yangu yote, na mwanangu atazaliwa nje kama mtoto wa swala.

Mchana uleule mbingu ikafunga. Gududu, gududu. Mvua ya masika ikashuka, chwaaa. Bonde likaanza kujaa maji. Muhanga akapanda juu, akashika njia aliyojia, maana alikumbuka mashimo yake ya zamani. Alidhani yako matupu. Alidhani ataingia lolote.

Akafika shimo la kwanza. Hodi.

"Karibu," aliitika Nungunungu, na nyuma yake watoto watatu wakaitika karibu, karibu, karibu. Nungunungu akaeleza kwamba walikimbilia humo siku fisi walipowaandama, na wakapona. Akawaambia watoto wasogee. Watoto wakasogea, wakachomana miiba, huyu analia, huyu anacheka. Muhanga akaona nafasi hakuna.

"Usisumbuke, dada. Napita tu."

Lakini alipoondoka, uso wake ulikuwa umebadilika kidogo.

Shimo la pili, hodi. Humo mlikuwa na Sungura, na mkewe, na mkwewe, na watoto wasiohesabika. Yule mkwe, bibi mzee, akasema kifua kilikuwa kinamuua kwa baridi, na shimo hili ndilo lililomwongezea mwaka. Akauliza ni nani aliyelichimba, apate kumshukuru. Muhanga akaona haya kusema. Akasema anapita tu.

Shimo la tatu, hodi.

"Karibu sssana," aliitika Bi Chatu, amejiviringisha juu ya mayai yake.

Hapo Muhanga alipita kweli kweli.

La nne, la tano, la sita. Kila hodi ilikuwa na karibu yake. Kila shimo lilikuwa na wenyewe, wakavu, wamebanana, wanasimuliana. Muhanga alikuwa amelowa chapachapa. Kucha ilimvuja damu. Na alikuwa anacheka peke yake mvuani.

Kanga walikuwa wamejikunyata chini ya kichaka, manyoya yamewaganda. Wakamwuliza anacheka nini, naye hana pa kulala. Muhanga akawaambia wahesabu mashimo yenye watoto kutoka pale mpaka mtoni, kisha waseme yalichimbwa na nani. Kanga wanajua kila nyumba ya mbuga ile. Wakahesabu, wakahesabu, wakachoka. Wakageuza wimbo:

*Chimba, chimba, Muhanga,*
*milango yako ni hii.*

Mara uchungu ukamkamata. Shimo la karibu lilikuwa moja tu. La Ngiri.

Alipofika aliona maji yakiteremka mlimani kwa nguvu. Yakafika kwenye tuta la udongo, lile alilolitupa nje mwaka jana alipokuwa anachimba. Yakagawanyika, haya kulia, haya kushoto, na mlango ukabaki mkavu. Ngiri alikuwa analitazama tuta lile tangu mvua ianze, na watoto wake wanne wamelala nyuma yake bila tone.

Muhanga akasimama mvuani.

"Hodi, kaka," alisema. "Leo sipiti."

Wadogo kwa wakubwa, mtoto alizaliwa salama humo humo, juu ya nyasi za Ngiri. Wakamwita Masika, na Kanga wakapiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Na funzo lake ni hili. Kufanikiwa si kuwa na mlango ukaufunga. Kufanikiwa ni kazi ya mikono yako kumsitiri mtu, hata usiyemjua, hata kama wewe umeshapita.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni, mvua inanyesha. Maana Ngiri alipoisikia hodi ile, alitazama ukutani kwa mara ya kwanza. Akazihesabu alama: moja, mbili, tatu, nne. Akatoka nje, akalowa, akampisha, akasema:

"Ingia, mama. Aliyechimba mlango hapigi hodi."